Ubora wa Takwimu za Ukuaji na Maendeleo ya Watoto Wadogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo maafisa lishe, maafisa ustawi wa jamii, wasimamizi wa tafiti na wanafunzi huyarudia kila wanapokaa mbele ya majedwali ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya. Pale jibu linapotegemea jibu jingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Misingi

1. Takwimu za matokeo ya mtoto mdogo ni zipi hasa?

Ni takwimu zinazoeleza hali ya mtoto mwenyewe, si huduma aliyopewa. Idadi ya vituo vya kulelea watoto au ya walimu wa elimu ya awali waliofundishwa ni taarifa za huduma. Urefu wa mtoto kulingana na umri wake, uzito wake, mzingo wa mkono wake, uwezo wake wa kusema, kuhesabu, kucheza na wenzake na kutulia ni taarifa za matokeo.

Kwa kifupi kuna makundi mawili. La kwanza ni vipimo vya mwili, ambavyo hutupa viwango vya kudumaa (ufupi usiolingana na umri), ukondefu (wembamba usiolingana na urefu) na uzito pungufu (usiolingana na umri). La pili ni vipimo vya maendeleo, ambavyo hupatikana kwa kumuuliza mlezi au kumwangalia mtoto akifanya jambo. Tanzania, kwa mfano, ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mwezi Desemba 2021, ilijikuta ikihitaji makundi yote mawili kwa pamoja, na kila kundi lina namna yake ya kuharibika.

2. Takwimu “bora” ni zile zisizo na mapengo?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Jedwali linaweza kujaa kila kisanduku na bado likawa la uongo. Ukamilifu ni sehemu moja tu ya ubora. Nyingine ni usahihi wa kipimo, uthabiti wa kipimo kikirudiwa, uwakilishi wa watoto wote wanaostahili kuhesabiwa, na kufika kwa taarifa wakati bado inaweza kutumika.

Jambo linalosaidia ni kwamba takwimu za watoto hujishitaki zenyewe. Miili ya watoto wengi hufuata mpangilio unaojulikana, kwa hiyo mpangilio huo ukivurugika kwa namna fulani tunaweza kutambua kama tatizo ni umri, ubao wa kupimia au mdadisi, yaani mtu anayehoji na kupima uwandani. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu namna ya kuzisikiliza namba kabla ya kuzitangaza.

3. Matokeo yakiwa mabaya, je, ni dalili kwamba takwimu ni mbaya?

La. Tanzania iliripoti kudumaa kwa asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 30 katika utafiti wa 2022; Kenya iliripoti asilimia 26 mwaka 2014 na asilimia 18 mwaka 2022. Hakuna namba kati ya hizo inayothibitisha au kukanusha ubora wake kwa ukubwa au udogo wake pekee. Bahati mbaya, ofisini kiwango kikipanda watu huanza kuuliza maswali ya ubora, na kikishuka hupiga makofi. Ukaguzi ufanyike kwa nguvu ileile katika hali zote mbili.

## Umri

4. Kwa nini wataalamu husisitiza umri kuliko kitu kingine chochote?

Kwa sababu karibu kila kiashiria cha mtoto mdogo husomwa kwa kulinganisha na watoto wa umri wake. Umri ukikosewa, urefu uliopimwa kwa uangalifu mkubwa hugeuka kuwa jibu lisilo sahihi.

Tuchukue mvulana mwenye urefu wa sentimita 86. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mpaka wa kudumaa kwa mvulana wa miezi 30 ni sentimita 85.1, kwa hiyo mtoto huyu hajadumaa. Mdadisi akiandika “miaka mitatu” kwa kuwa mama amesema mtoto “ameingia miaka mitatu”, mpaka unakuwa sentimita 88.7, na mtoto yuleyule anahesabiwa kuwa amedumaa. Hakuna aliyedanganya. Kauli ya “ameingia” kwa wazungumzaji wengi ina maana ya kuanza mwaka ambao bado haujatimia, na dodoso linahitaji miezi iliyotimia.

Kwenye vipimo vya maendeleo athari ni kubwa vilevile, kama inavyoonyeshwa katika swali la 12.

5. Mlezi hakumbuki tarehe ya kuzaliwa. Tufanye nini?

Kwanza omba hati: kadi ya kliniki ya mtoto, kijitabu cha afya ya mama na mtoto, cheti au tangazo la uzazi. Nakili tarehe kutoka kwenye hati yenyewe, kisha andika kwamba ilitoka kwenye hati. Kujua ni watoto wangapi wana tarehe iliyothibitishwa ni kipimo cha ubora kinachojitegemea.

Hati zikikosekana, tumia kalenda ya matukio iliyoandaliwa pamoja na wenyeji kabla ya kwenda uwandani. Kalenda nzuri huchanganya matukio ya kitaifa, kama kifo cha Rais Magufuli mwezi Machi 2021 au uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2022, na ya mahali hapo: mwezi wa Ramadhani, mwanzo wa masika, mavuno, mafuriko yaliyobomoa daraja, kuhamishwa kwa mwalimu mkuu. Uliza kama mtoto alizaliwa kabla au baada, na alikuwa anakaa, anatambaa au anatembea. Kumbuka tu kwamba Ramadhani husogea takribani siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo mwaka wake lazima ubainishwe.

Jambo la mwisho ni dogo lakini limevuruga majedwali mengi: programu ya kompyuta inayosoma mwezi kabla ya siku huigeuza tarehe 4 Novemba kuwa tarehe 11 Aprili bila kutoa onyo lolote.

6. Kazi ya uwandani imekwisha. Tutajuaje kama umri ulipotoshwa?

Chora idadi ya watoto kwa kila mwezi wa umri. Vilima kwenye miezi 12, 24, 36 na 48 huonyesha kurundikana kwa umri, yaani umri umekadiriwa kwa miaka kamili. Chora pia idadi kwa mwezi wa kuzaliwa. Januari ikizidi sana miezi mingine, huenda wadadisi walijaza mwezi wa kwanza pale walipokosa jibu.

Kisha tazama mpaka wa miaka mitano. Ikiwa watoto wa miaka minne ni wachache kupita kiasi na wa miaka mitano ni wengi, kuna uwezekano mkubwa kwamba wadadisi wamewasukuma watoto nje ya umri unaopimwa. Mtoto aliyeandikwa miezi 60 hahitaji kupimwa wala kuulizwa maswali marefu, na mdadisi aliyechoka saa kumi jioni analijua hilo vizuri.

## Urefu na uzito

7. Tarakimu za mwisho zinatuambia nini?

Urefu ukisomwa hadi milimita, kila tarakimu ya mwisho kuanzia 0 hadi 9 inapaswa kujitokeza kwa takribani asilimia 10. Kwa pamoja 0 na 5 zinastahili asilimia 20. Zikifika asilimia 40 au 50, mdadisi alikuwa anakadiria kwa jicho badala ya kusoma ubao. Kukadiria huko peke yake hakubadilishi sana wastani wa wilaya, lakini ni kama moshi: anayekadiria tarakimu ya mwisho mara nyingi pia hakuvua viatu vya mtoto, hakunyoosha magoti yake, na hakuondoa mafundo ya nywele yaliyozuia kibao cha juu.

Fanya hesabu hii kwa kila mdadisi kivyake. Wastani wa timu nzima huficha mtu mmoja aliyefanya vibaya.

8. Alama Z ni nini, na kwa nini mnaangalia mtawanyiko wake?

Alama Z huonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na kitovu cha watoto wenye afya wa umri na jinsia yake. Kitovu hicho kilitokana na utafiti uliofanyika kati ya 1997 na 2003 kwa takribani watoto 8,500 katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Mtoto aliye chini ya -2 kwa urefu na umri amedumaa. Aliye chini ya -3 amedumaa sana.

Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani, katika kundi la marejeo ni 1. Uwandani huwa unazidi hapo kidogo kwa sababu jamii hutofautiana ndani kwa ndani. Ukikaribia 1.5 au zaidi, shaka ya kwanza iwe makosa ya kupima na ya umri, kwa kuwa makosa yasiyoegemea upande wowote hutanua mtawanyiko hata kama wastani haukusogea.

Athari yake ni hii. Tuseme wastani ni -1.5. Mkengeuko ukiwa 1.0, waliodumaa ni takribani asilimia 31 na waliodumaa sana ni asilimia 7. Wastani ukibaki uleule na mkengeuko ukapanda hadi 1.5, waliodumaa wanakuwa asilimia 37 na waliodumaa sana asilimia 16. Watoto hawajabadilika, uzembe wa kupima umezidisha kudumaa sana zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana kiwango cha kudumaa kisichapishwe bila mkengeuko wake kando yake. Kwa maoni yangu, kanuni hii ingepaswa kuwa ya lazima hata kwenye mabango ya halmashauri.

Ukaguzi mwingine ni wa alama zisizowezekana: urefu kwa umri chini ya -6 au juu ya +6, uzito kwa umri chini ya -6 au juu ya +5, uzito kwa urefu chini ya -5 au juu ya +5. Hizi huondolewa kwenye uchambuzi, lakini idadi yake hubaki kuripotiwa. Zikizidi asilimia 1, ubora una walakini.

9. Mtoto wa miaka miwili na nusu alikataa kusimama, akapimwa amelala. Kipimo kinafaa?

Kinafaa endapo iliandikwa kwamba alilala. Chini ya miezi 24 mtoto hupimwa amelala. Kuanzia miezi 24 hupimwa amesimama. Mtu huwa mrefu kidogo akiwa amelala, kwa hiyo aliyezidi miezi 24 akapimwa amelala hupunguziwa sentimita 0.7, na aliye chini ya umri huo akapimwa amesimama huongezewa sentimita 0.7. Programu za uchambuzi hufanya marekebisho haya zenyewe, lakini haziwezi kubashiri mkao usioandikwa.

10. Kishikwambi kinakataa namba zisizo za kawaida. Je, hilo halitoshi?

Hapa kuna mtego. Kizuizi kinachokataa kabisa humfundisha mdadisi kubadilisha namba hadi mashine ikubali, na matokeo yake ni jedwali safi lenye watoto wa kubuni. Ni heri kishikwambi kionye, kimtake mdadisi apime upya, kisha kihifadhi kipimo cha kwanza na cha pili.

Kwa sababu hiyo takwimu nadhifu mno nazo zitiliwe shaka. Mkengeuko ulio chini ya 0.8 kwa mdadisi mmoja, wakati wenzake wako kwenye 1.1, hauonyeshi umahiri.

11. Kupima mara ya pili kuna faida gani kama mtoto ni yuleyule?

Ndiyo njia pekee ya kuona kosa la kupima moja kwa moja badala ya kulihisi kupitia mtawanyiko. Mara ya pili ifanyike siku nyingine, kwa watoto waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na mpimaji asione namba ya kwanza. Tofauti ya urefu isiyozidi sentimita 1 kwa kawaida huvumilika. Kurudia kwa watoto wenye alama za ajabu peke yao hakutoshi, kwani kosa la sentimita tatu kwa mtoto wa wastani halionekani popote.

## Maswali ya maendeleo

12. Kipimo cha ECDI2030 kinahesabiwaje?

Ni seti ya maswali 20 ya UNICEF iliyotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya kiashiria 4.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu. Huulizwa mama au mlezi mkuu wa mtoto wa miezi 24 hadi 59, kuhusu afya, kujifunza na ustawi wa kisaikolojia na kijamii. Mtoto huhesabiwa kuwa yuko kwenye mstari, yaani anaendelea inavyotarajiwa, kama amefikia idadi ya hatua inayotakiwa kwa umri wake: 7 kwa miezi 24 hadi 29, 9 kwa miezi 30 hadi 35, 11 kwa miezi 36 hadi 41, 13 kwa miezi 42 hadi 47, na 15 kwa miezi 48 hadi 59.

Tazama ngazi hizo kwa makini. Mtoto mwenye hatua 12 yuko kwenye mstari akiwa na miezi 41, na hayuko akiwa na miezi 42. Kila kilichosemwa katika maswali ya 4 hadi 6 kinarudi hapa kwa uzito wake wote.

13. Dodoso limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Kuna tatizo gani tena?

Tatizo ni sarufi. Swali mojawapo huuliza kama mtoto anasema sentensi za maneno matatu au zaidi, na Kiingereza hutoa mfano wa mtoto anayetaka maji. Kwa Kiingereza hayo ni maneno matatu. Mtoto wa Tanga akisema “Ninataka maji” amesema maneno mawili, ingawa ndani ya neno la kwanza tayari kuna nafsi, wakati na kitendo. Vivyo hivyo, “Nyumba ni kubwa sana” ina maneno manne, wakati Kiingereza chake kina matano. Swali kuhusu matumizi ya “mimi”, “wewe” na “yeye” ni gumu zaidi, kwa sababu nafsi za Kiswahili hukaa kwenye viambishi: mtoto anayesema “anakula” na “unakula” bila kukosea anajua nafsi, hata kama “yeye” halijawahi kutoka kinywani mwake.

Mdadisi mmoja akihesabu maneno kwa ukali na mwingine akihesabu maana, tofauti kati ya wilaya zao itakuwa tofauti ya wadadisi. Kanuni iamuliwe kabla, iandikwe kwenye mwongozo na ijaribiwe kwa kuwauliza walezi wachache walielewaje swali, kwa maneno yao wenyewe.

Kuna mengine ya mazingira. Mtoto anayevaa fulana mwaka mzima hana vifungo vya kufunga wala kufungua. Mtoto wa mwambao anayehudhuria chuo cha Kurani anaweza kutambua alifu, bee na tee kabla ya herufi yoyote ya Kilatini. Mimi ningezihesabu, maana kinachoulizwa ni utambuzi wa herufi, lakini jibu lolote litakalochaguliwa lazima liwe moja kwa wadadisi wote. Na pale mahojiano yanapofanyika kwa Kisukuma, Kimaasai au Kidholuo, tafsiri ya papo kwa papo ya mdadisi ni dodoso jipya ambalo hakuna aliyelikagua.

14. Mama si atasema “ndiyo” kwa kila swali?

Wengine husema, hasa mjumbe wa mtaa au mama mkwe akiwa amekaa pembeni. Dalili ni walezi wengi wenye mfululizo wa majibu yanayofanana, au watoto wa miezi 25 wanaoripotiwa kuandika majina yao kwa kiwango sawa na wa miezi 55. Chora asilimia ya “ndiyo” ya kila swali la uwezo kwa umri; mstari unapaswa kupanda. Ukilala, swali halikueleweka au halikuulizwa.

Maswali ya huzuni na ya kupiga au kuuma wenzake yana mwelekeo mwingine, na mlezi anayaona kama yanamhukumu malezi yake. Hayo yaangaliwe peke yake.

15. Tunaweza kuitumia ECDI2030 kumtambua mtoto mmoja mwenye ucheleweshaji?

Hapana. Imetengenezwa kwa ajili ya kundi la watu, na haitoi alama za kila eneo la maendeleo kivyake. Kwa watoto wa hadi miezi 36, Shirika la Afya Duniani lina vipimo vya maendeleo viitwavyo GSED, vya ripoti ya mlezi na vya kumwangalia mtoto moja kwa moja, ambavyo vilijaribiwa kwanza Bangladesh, Pakistani na Pemba. Navyo kwa sasa ni vya makundi. Mtoto anayetia wasiwasi apelekwe kwa mtaalamu.

16. Tuna takwimu za ECDI ya zamani. Tuziunganishe na mpya tuone mwenendo?

Msiziunganishe. Ya zamani ilikuwa na maswali 10 kwa watoto wa miezi 36 hadi 59, na ilimhesabu mtoto kuwa kwenye mstari akiwa sawa katika angalau maeneo matatu ya maendeleo kati ya manne. Umri, maswali na kanuni vyote vimebadilika.

17. Wapimaji wetu wawili wamekubaliana kwa asilimia 90. Inatosha?

Inategemea wangekubaliana kwa kiasi gani kwa bahati tu. Ikiwa kila mmoja hutoa “anaweza” kwa asilimia 90 ya watoto, hata wakijaza fomu wakiwa wamefumba macho watakubaliana kwa takribani asilimia 82. Tumia kipimo kinachoondoa bahati, kama kapa, na fanya zoezi kwa watoto wa uwezo tofauti, si kwa wale wa darasa moja la mjini.

## Kliniki, vikundi vidogo na hali za pembeni

18. Mbona takwimu za kliniki hazilingani na za utafiti?

Kwa sababu hazihesabu watoto walewale. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na 18. Baada ya hapo walezi wengi huacha kwenda kliniki, na wanaobaki wakienda ni wale wanaoishi karibu au wenye mtoto mgonjwa. Taarifa zinazoingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za vituo vya afya, nchini Kenya na Tanzania ni muhimu kwa kufuatilia kituo kimoja mwezi hadi mwezi, lakini mahudhurio hayapaswi kugeuzwa kuwa kiwango cha wilaya.

19. Kata yetu ilipima watoto 30 na 9 wamedumaa. Tuandike asilimia 30?

Andikeni watoto 9 kati ya 30. Kwa sampuli hiyo kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya takribani asilimia 17 na 48, hata kama kila kipimo kilikuwa sahihi kabisa. Kata jirani yenye 6 kati ya 30 haijawashinda.

20. Watoto wenye ulemavu wawekwe wapi?

Ndani ya hesabu. Mtoto asiyeweza kunyooshwa kwenye ubao aandikwe kwamba hakupimwa na sababu yake, asifutwe kwenye orodha ya kaya. ECDI2030 haipimi ulemavu. Kwa hilo kuna maswali ya utendaji wa mtoto ya UNICEF na Kundi la Washington, yenye toleo la miaka 2 hadi 4. Majina na hali za watoto hawa zinahitaji ulinzi wa ziada chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwani katika kijiji kidogo umri, jinsia na aina ya ulemavu vinatosha kumtambulisha mtoto hata jina lake likiondolewa.

21. Tumegundua mdadisi mmoja alibuni takwimu. Tufute kazi yake tuendelee?

Kufuta ni lazima, lakini hakumalizi jambo. Kaya zake mara nyingi ni za eneo moja, pengine lile la mbali zaidi, kwa hiyo kuzifuta kunaliondoa eneo hilo kwenye sampuli. Kama muda unaruhusu, timu nyingine irudi kwenye kaya zilezile. Kama hauruhusu, ripoti itaje idadi ya kaya zilizoondolewa na mahali zilipo, na uchambuzi ufanyike mara mbili, pamoja nazo na bila hizo, ili msomaji aone ukubwa wa tofauti. Kisha hesabuni kaya alizopangiwa mdadisi huyo kwa siku na umbali aliotakiwa kutembea. Zaidi ya mara moja nimeona ratiba ambayo mtu mwaminifu asingeweza kuitimiza.